Rsync: amri moja, kazi mbili tofauti

Amri ya rsync, programu ya kunakili faili kati ya folda au kompyuta mbili, inayozunguka zaidi mtandaoni ni `rsync -avz --delete`, nayo hunakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kana kwamba ni kanuni isiyohitaji maelezo. Mimi hutunza rekodi za sauti za kituo kidogo cha redio, yaani vipindi vilivyokwisha kurushwa, mahojiano ambayo hayajahaririwa na matangazo ya biashara, na kwa faili za aina hiyo karibu kila herufi ya amri ile inastahili kuhojiwa. Hoja yangu ni moja: rsync yenyewe haijui kama unasawazisha folda mbili au unaweka nakala rudufu. Tofauti ya mambo hayo mawili, ambayo ndiyo huamua kama faili iliyofutwa jana itapatikana leo au la, imo yote katika machaguo unayoyaandika baada ya jina la programu.

Programu hii ilitangazwa mwezi Juni 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Tridgell ndiye pia aliyeanzisha Samba, ambayo ofisi nyingi huitumia kugawana faili bila hata kujua jina lake. Tatizo walilolishughulikia lilikuwa la wakati wa laini za simu zilizokwenda polepole: utatumaje mabadiliko tu ya faili kubwa, ilhali hakuna kompyuta iliyo na faili zote mbili, ya zamani na mpya, ili ilinganishe? Jibu lao ni kwamba upande unaopokea huigawa faili yake ya zamani katika vipande, hukokotoa alama mbili za kila kipande, moja nyepesi na moja nzito, kisha hutuma alama hizo peke yake. Upande unaotuma huipitia faili mpya baiti kwa baiti ukitafuta mahali popote ambapo vipande vile vinajitokeza, na kile kisichopatikana upande wa pili ndicho kinachosafirishwa. Alama nyepesi imebuniwa kwa namna ambayo, ukisogea baiti moja mbele, huhitaji kuanza hesabu upya. Unaondoa mchango wa baiti iliyotoka na kuongeza wa ile iliyoingia.

Ninaieleza hesabu hiyo kwa sababu faida yake inaonekana wazi kwenye faili za sauti. Mhariri anapoandika jina la kipindi na la mtangazaji ndani ya faili ya MP3, maelezo hayo mara nyingi huingia mwanzoni, na kila baiti inayofuata husogezwa kutoka mahali pake. Programu inayolinganisha faili kwa nafasi ingeona kwamba kila kitu kimebadilika. Rsync huvitambua vipande vilevile katika nafasi yao mpya, ikatuma kilobaiti chache badala ya kipindi kizima.

Hata hivyo, watu wengi hudhani ufundi huo unatumika kila mara, na sivyo. Ukinakili kutoka diski moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile, rsync huwasha yenyewe chaguo la `-W`, yaani `--whole-file`, na faili iliyobadilika hunakiliwa nzima. Uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa kuisoma faili ya zamani yote ili kuokoa uandishi hugharimu zaidi ya kuandika tu. Lakini mtu mwenye faili moja ya gigabaiti nyingi inayobadilika kidogo kila siku hushangaa kuona diski ya nje ikifanya kazi kwa muda mrefu, na pengine akadhani kuna hitilafu.

Kabla ya kufikia vipande, kuna swali la kwanza ambalo rsync hujiuliza juu ya kila faili: je, iguswe au iachwe? Jibu hutolewa kwa kutazama mambo mawili tu, ukubwa na saa ya kubadilishwa. Vikilingana pande zote mbili, faili inarukwa bila kufunguliwa. Visipolingana, inasasishwa, hata kama iliyo upande wa kupokea ndiyo mpya zaidi. Rsync haiulizi ipi ni ya karibuni. Inauliza kama zinatofautiana. Chaguo la `-u` huizuia isifunike faili iliyo mpya zaidi upande wa kupokea, lakini mimi siliamini chaguo hilo kwenye kompyuta ambayo betri ndogo ya bodi mama imekufa, kwa sababu mashine hiyo ikiwashwa bila mtandao huweza kuamini kwamba iko katika mwaka wa zamani sana. Anayetaka usawazishaji wa kwenda na kurudi, ambapo watu wawili huhariri kila mmoja upande wake, atafute programu nyingine kama Unison, kwa kuwa rsync hutazama upande mmoja tu.

Chaguo la `-c` hubadilisha swali hilo: badala ya ukubwa na saa, maudhui ya kila faili husomwa yote pande zote mbili na kulinganishwa. Kwa hifadhi kubwa ni kazi ya saa nyingi. Silitumii katika amri ya kila usiku, ila lina kazi yake ambayo nitaifikia.

Sasa turudi kwenye amri maarufu. Herufi `-a` ni kifupisho cha `-rlptgoD`: ingia katika folda za ndani, hifadhi viungo vya mkato, ruhusa, saa, kundi, mmiliki na faili maalumu za vifaa. Yale ambayo `-a` haiyabebi ni muhimu vilevile: majina mawili ya faili moja, ambayo huhitaji `-H`, orodha pana za ruhusa, ambazo huhitaji `-A`, na sifa za ziada, ambazo huhitaji `-X`. Kwa faili za sauti hayo hayanihusu. Kinachonihusu ni kwamba diski nyingi za nje tunazonunua madukani huja zikiwa zimeandaliwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ambayo haijui mmiliki wa faili wala ruhusa za Linux, na `-a` ikikutana nayo hulalamika mstari baada ya mstari. Kwa diski hizo huandika `-rt` tu na kuongeza `--modify-window=1`, kwa sababu FAT huandika saa kwa hatua za sekunde mbili na bila ruhusa hiyo ya sekunde moja faili nyingi huonekana zimebadilika wakati hazijaguswa. FAT pia huandika saa za mahali badala ya saa za ulimwengu, jambo linalowasumbua walio katika nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Sisi wa Afrika Mashariki tumeepushwa na adha hiyo. Faili inayofikia gigabaiti nne haiingii FAT32 hata kidogo, na hakuna chaguo la rsync litakalobadilisha hilo.

Herufi `-z` hubana data njiani. Kwa maandishi na kwa hifadhidata zilizotolewa kama maandishi, inasaidia sana. Kwa MP3 na picha za JPEG, ambazo zimekwisha kubanwa, ni kuichosha prosesa bila faida. Naiacha.

Jambo linaloleta madhara makubwa zaidi kuliko chaguo lolote si chaguo bali mkwaju (`/`) wa mwisho kwenye jina la folda ya chanzo. Tazama amri hizi mbili:

`rsync -a /data/vipindi /mnt/nakala/`

`rsync -a /data/vipindi/ /mnt/nakala/`

Ya kwanza huunda `/mnt/nakala/vipindi` na kuweka faili ndani yake. Ya pili huchukua yaliyomo ndani ya `vipindi` na kuyamwaga moja kwa moja ndani ya `/mnt/nakala`. Mkwaju kwenye upande wa kupokea haubadilishi neno. Ule wa chanzo ndio wenye maana. Ongeza `--delete` kwenye amri ya pili na kila kitu kingine kilichokuwa ndani ya `/mnt/nakala`, yaani picha, hesabu na barua, kitafutwa, kwa sababu umeiambia rsync kwamba folda hiyo ifanane na `vipindi`. Wapo wanaoukwepa utata huo kwa kuandika `/data/vipindi/*`. Hilo huzaa utata mwingine: faili zilizofichwa zinazoanza na nukta huachwa nje, na `--delete` haifuti faili zilizo kwenye ngazi ya juu, kwa kuwa rsync imepewa orodha ya vitu na haikupewa folda.

Ndiyo maana chaguo ninaloliandika kabla ya yote ni `-n`, linaloifanya rsync ieleze ingefanya nini bila kugusa chochote, nikiliambatanisha na `-i`. Matokeo ya `-i` huonekana kama maandishi ya siri kwa asiyeyazoea, ila husomeka upesi. Mstari unaoanza na `>f+++++++++` ni faili mpya. `>f.st......` ni faili iliyobadilika ukubwa na saa. `.d..t......` ni folda ambayo saa yake tu itarekebishwa. Na `*deleting` haihitaji kuelezwa. Ukiona mistari mingi ya `*deleting` pale ulipotarajia michache, simama, kwa kuwa karibu kila mara sababu ni mkwaju au jina la folda lililokosewa. Ukiona kila faili ina `t` peke yake, tatizo liko kwenye saa au umesahau `-t` katika nakala ya kwanza.

Kuhusu `--delete` yenyewe, rsync ina hadhari zake. Haifuti kitu chochote upande wa pili usipoiamuru. Ikikutana na hitilafu ya kusoma chanzo, huacha kufuta, mpaka uiamuru vinginevyo kwa `--ignore-errors`, chaguo ambalo sijapata sababu ya kulitumia. Faili ulizozitenga kwa `--exclude` hazifutwi upande wa kupokea, isipokuwa umeandika `--delete-excluded`. Lakini kuna hali moja ambayo hadhari hizo haziioni. Diski ya chanzo isipofungamanishwa na folda yake (mount), kwa mfano baada ya umeme kukatika na kompyuta kujiwasha upya, ile folda ya `/data/vipindi` bado ipo, ila ni tupu. Kusoma folda tupu si hitilafu. Rsync itaisoma bila tatizo lolote, itahitimisha kwamba vipindi vyote vimefutwa, na itaifuta nakala yako yote kwa utii kamili.

Kinga ya hali hiyo ni `--max-delete=50`, au namba yoyote inayozidi kidogo ufutaji wa kawaida wa siku moja kwako. Kikomo kikifikiwa, ufutaji uliobaki unarukwa, na programu inamaliza kwa kutoa namba ya hitilafu 25, ambayo skripti, yaani faili ya amri zinazojiendesha, inaweza kuitambua na kumtumia msimamizi ujumbe. Nashangaa kwamba chaguo hili halionekani katika mafunzo mengi, wakati `-v`, ambayo hujaza skrini majina tu, iko kila mahali.

Hata hivyo, `--max-delete` hulinda dhidi ya ufutaji wa jumla, si dhidi ya faili moja. Mtangazaji akihifadhi ukimya wa saa nzima juu ya mahojiano ya mzee ambaye hatapatikana tena, usiku huohuo rsync itaunakili ukimya ule kwa uaminifu juu ya nakala nzuri. Hapo ndipo usawazishaji unapoachana na nakala rudufu. Folda mbili zinazofanana daima hukukinga dhidi ya kufa kwa diski. Hazikukingi dhidi ya mkono wa binadamu, wala dhidi ya programu hasidi inayofunga faili kwa nywila.

Njia nyepesi ya kutoka hapo ni `--backup` pamoja na `--backup-dir`. Kila faili ambayo ingefutwa au kufunikwa huhamishiwa kwanza kwenye folda uliyoitaja, hapa yenye tarehe ya siku hiyo:

`rsync -a --delete --max-delete=50 --backup --backup-dir=/mnt/zamani/$(date +%F) /data/vipindi/ /mnt/nakala/`

Folda ya zamani naiweka nje ya folda ya kupokea, ili `--delete` isije ikaihesabu kama kitu kisichokuwepo kwenye chanzo. Njia hii ni rahisi kuieleza kwa mtu mwingine ofisini, na hiyo si sifa ndogo.

Njia ninayoipendelea ni `--link-dest`. Kila usiku huundwa folda mpya yenye tarehe, na rsync huelekezwa kwenye folda ya jana:

`rsync -a --link-dest=../2025-03-01 /data/vipindi/ /mnt/nakala/2025-03-02/`

Faili ambayo haijabadilika tangu jana hainakiliwi tena. Faili ileile iliyoko kwenye diski hupewa jina la pili ndani ya folda ya leo. Iliyobadilika huandikwa upya. Matokeo yake ni kwamba kila folda ya tarehe huonekana kamili, ukiifungua unaona vipindi vyote kama vilivyokuwa usiku ule, lakini diski imebeba nakala moja tu ya kila kisichobadilika. Ukiifuta folda ya mwezi uliopita, faili zenye majina kwingine hubaki salama, kwa kuwa data huondoka pale tu jina lake la mwisho linapoondolewa. Rsnapshot, ambayo wasimamizi wengi wa Linux huitumia, imejengwa juu ya rsync na wazo hilohilo la kuipa faili moja majina mengi.

Chaguo hili lina masharti ambayo mwongozo huyataja kwa upole kuliko yanavyostahili. Njia iliyoandikwa bila kuanzia kwenye mzizi (`/`) huhesabiwa kutoka folda ya kupokea, si kutoka mahali uliposimama kwenye terminali. Ndiyo sababu ya ile `../` hapo juu. Ukikosea hapo, rsync haikatai kazi; hutoa onyo tu, inanakili kila kitu upya, na siku chache baadaye diski imejaa. Vilevile, faili huunganishwa na ya jana ikiwa tu imelingana nayo katika sifa zote unazozihifadhi. Mtu akibadilisha ruhusa za hifadhi nzima leo, usiku hifadhi nzima itaandikwa upya. FAT32 na exFAT haziwezi kuipa faili majina mawili, kwa hiyo diski lazima iandaliwe kwa mfumo kama ext4. Na kwa kuwa folda zote za tarehe zinagawana data ileile, usihariri kamwe faili ndani ya nakala, wala usitumie `--inplace` kwenye folda hizo, maana chaguo hilo huandika juu ya data iliyopo, na badiliko lingeonekana katika kila tarehe inayoigawana.

Nakala iliyo chumba kimoja na chanzo bado inaweza kuibiwa au kuungua pamoja nacho, na kwa hiyo ya pili hupelekwa mbali kwa mtandao, kupitia SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta mbili, ambayo rsync huitumia bila kuambiwa tangu toleo la 2.6.0. Kwa anayelipia intaneti kwa vifurushi, hapa ndipo machaguo mengine yanapopata thamani. `--bwlimit=100` hufunga mwendo usizidi kilobaiti mia moja kwa sekunde, ili studio iendelee kupata mtandao wake. `--timeout=60` huiondoa programu kwenye kusubiri kusiko na mwisho pale mtandao unapokufa bila kuaga. Muhimu kuliko yote ni `--partial-dir=.rsync-partial`. Kwa kawaida, muunganisho ukikatika, rsync huitupa faili iliyofika nusu, na kesho yake unalipia megabaiti zilezile upya. Chaguo la `--partial` huitunza, ila huiweka chini ya jina lake halisi, na mtu anaweza kuifungua akidhani ni kamili. `--partial-dir` huiweka pembeni mpaka ikamilike. Umeme ukikatika upande wa kupokea, chaguo hilo halina la kufanya, na utakuta faili ya muda yenye jina linaloanza na nukta, ambayo utaifuta mwenyewe.

Toleo nalo litazamwe, kwa `rsync --version`, pande zote mbili. Kwa miaka mingi kompyuta za Apple zilikuja na toleo la 2.6.9 la mwaka 2006, na siku hizi huja na openrsync, programu nyingine iliyoandikwa upya na isiyo na machaguo yote. Amri iliyojaribiwa kwenye Linux inaweza kukataliwa huko. Anayefungua huduma ya rsync kwa umma kupitia lango la 873 asibaki chini ya 3.4.0, toleo la Januari 2025 lililoziba udhaifu sita, mmoja wao ukimruhusu mgeni mwenye haki ya kusoma tu kuendesha programu zake kwenye seva.

Baada ya kila usiku, skripti yangu hutazama namba ambayo rsync imemaliza nayo. Sifuri ni salama. 24 humaanisha kwamba faili fulani zilitoweka kabla ya kunakiliwa, jambo la kawaida pale mhariri anapofanya kazi usiku, nami siamki kwa ajili yake. 23 humaanisha kwamba baadhi ya faili hazikunakiliwa, na hiyo husomwa asubuhi ileile kwenye faili iliyoandikwa na `--log-file`.

Na hapa ndipo `-c` inapofanya kazi niliyoiahidi. Mara kwa mara, siku ambayo hakuna kipindi kinachohaririwa, huchukua nakala ya usiku uliopita na kuilinganisha na chanzo kwa `rsync -acni /data/vipindi/ /mnt/nakala/2025-03-02/`. Kwa kuwa `-n` ipo, hakuna kitakachoandikwa. Kwa kuwa `-c` ipo, kila baiti itasomwa, hata za faili ambazo ukubwa na saa zake zinalingana, na diski inayoanza kuharibika kimyakimya itajulikana. Mstari wenye `>fc........` ni faili ambayo saa na ukubwa wake havijabadilika ila maudhui yametofautiana. Hapo sinakili chochote kuelekea upande wowote kabla ya kuifungua faili hiyo pande zote mbili na kuisikiliza, kwa sababu rsync imeniambia kwamba zinatofautiana, na haina njia ya kujua ipi ndiyo nzima.